Nimelipa laki tatu na thelathini kufundishwa kubana

Nianze na hesabu, maana mimi ni mfanyabiashara. Nauza madera na vitenge Kariakoo, na choo tunachotumia pale ni cha kulipia, shilingi 300 kila ukiingia. Mwaka jana nilikuwa naingia mara saba kwa siku, siku sita kwa wiki. Piga mwenyewe: 12,600 kwa wiki, zote za mkojo. Weka na pedi. Nilikuwa namaliza nne kwa siku, pakiti ya pedi nane ni 2,500, kwa hiyo pakiti kumi na tano kwa mwezi, 37,500. Ukijumlisha inapita elfu tisini kila mwezi, na bado nakaa dukani nikijinusa kwa wizi.

Kwa hiyo shoga yangu aliponiambia kwamba matibabu ya mazoezi ya kuzuia mkojo kuvuja ni mambo ya wenye hela, nilimcheka. Kwa tahadhari lakini, maana wakati ule nikicheka sana ndiyo mkojo unatoka.

Nina miaka 46, nimezaa wanne, na wa mwisho alikuja na kilo 4 na gramu 200. Nilianza kuvuja baada ya wa tatu, nikipiga chafya tu. Baada ya huyu wa mwisho ikawa hata nikinyanyua robota, hata nikiruka kushuka kwenye daladala pale konda asipotaka kusimamisha vizuri. Ila kilichoniumiza kuliko vyote ni swala. Narukuu, tone. Nasujudu, tone. Natoka kwenda kutawadha upya, nikirudi wenzangu wameshatoa salamu. Mume wangu alimuuliza ustadhi wa mtaani bila kunitaja, akajibiwa kwamba mwenye udhuru wa kudumu anatawadha wakati wa swala unapoingia, kisha anaswali hata likitoka. Nilishukuru kwa hukumu hiyo, lakini roho haikutulia. Tarawehe za mwaka juzi zote niliswali nyumbani, nikisingizia mgongo.

Kabla ya kufika kwenye kliniki ya mazoezi nitakayowaeleza nilipita njia wanazopita wengi. Nimetibiwa UTI mara nne duka la dawa bila kupimwa hata mara moja. Unafika, unasema mkojo unanibana na unatoka wenyewe, unapewa vidonge vya siku tano. Niliuziwa shabu niipondeponde niweke ukeni, eti inakaza. Hiyo namshukuru Mungu sikuitumia. Halafu yakaja mazoezi ya kwenye WhatsApp, "bana na achia mara mia moja kwa siku, dada hutojuta". Nilibana mwaka mzima. Nabana nikikata vitambaa, nabana kwenye foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali, nabana nikimsikiliza mteja anayeomba punguzo. Mkojo ukazidi.

Na si kwamba kubana nilikuwa sikujui. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimechezwa unyago. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kubana kabla sijaolewa, tena kwa kunifinya paja nikikosea. Alinifundisha kwa ajili ya mume. Kukohoa hakukugusia kabisa.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Ni kliniki ya mazoezi tiba iliyopo mjini. Jina nalihifadhi kwa sababu nina malalamiko mawili matatu na pia nina mengi ya kuwasifu, na yule binti aliyenihudumia sitaki apate shida na bosi wake. Wengi wanaokwenda pale ni watu wa mgongo, magoti na waliopooza. Sisi wa mkojo tuna siku zetu mbili kwa wiki.

Mapokezi ni pabaya. Ghorofa ya pili, na siku zote nane nilizokwenda lifti ilikuwa mbovu. Fikiria unapandisha ngazi na kibofu kimejaa, kwa sababu wenyewe ndio waliokuambia uje na kibofu kimejaa. Ukifika juu, choo hakina kibao. Na siku ya kwanza dada wa mapokezi alisimama akauliza ukumbini, mbele ya wazee wawili na kijana wa bodaboda mwenye mguu kwenye plasta, "Nani wa mkojo?" Nilikaa kimya. Akarudia. Nilimwacha mpaka akaja kwenye kiti changu, nikamwambia mwanangu, mimi nina jina.

Chumba cha ndani ni kingine kabisa. Binti wa miaka kama thelathini, kasomea fiziotherapia KCMC kule Moshi, anaita mama kila sentensi lakini si kwa kukudharau. Alianza kwa kuniuliza maswali nusu saa nzima. Linatoka ukikohoa, au linatoka ukiwa unakimbilia choo? Usiku unaamka mara ngapi? Choo kikubwa unapata vizuri au unajikamua? Unakunywa nini? Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza habari ya choo kikubwa. Kumbe kujikamua kila siku kunailegeza misuli ile ile inayozuia mkojo.

Alinikatalia kuanza mpaka nipime mkojo na sukari. Nikapima, mkojo safi, sukari safi. Mara nne zile nilikuwa natibiwa nini, sijui. Akaniuliza pia kama linatoka muda wote, usiku na mchana, bila hata kukohoa, na kama nilikaa sana na uchungu nilipojifungua. Nikasema hapana. Akaniambia angesikia hivyo angenielekeza hospitali ya CCBRT, kwa sababu hiyo huenda ikawa fistula, yaani tundu, na tundu linashonwa. Hata ubane miaka kumi haliwezi kuziba kwa mazoezi. Nawaandikia hili makusudi, kwa sababu najua mama mmoja wa Mbagala ambaye anasema anavuja "kama wewe tu" lakini nikimsikiliza naona si kama mimi.

Kisha akanieleza kwa mikono yake. Akaunganisha viganja kama anayetaka kupokea maji, akasema hii ndiyo sakafu ya nyonga: misuli imetandazwa chini, kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu, imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Ukikohoa, tumbo linasukuma chini. Sakafu ikiwa imara inasukuma juu na kuufunga mrija wa mkojo. Ikiwa imelegea kwa kuzaa, uzito na umri, mrija unakosa pa kuegemea, linatoka. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kibofu changu hakina kosa.

Kipimo chenyewe ni cha kidole ukeni. Nasema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla na nilishtuka. Aliomba ruhusa, akaniuliza kama nataka mtu wa kukaa na mimi, akafunga mlango kwa ufunguo, akavaa glavu. Nilijifunika kanga yangu mwenyewe. Wao wana shuka fupi la rangi ya kijani ambalo halifuniki hata deni, kwa hiyo nenda na kanga yako. Akaniambia, haya mama, bana kama unavyobana siku zote.

Nikabana kwa nguvu zangu zote za mwaka mzima.

"Mama, unasukuma."

"Nasukuma nini? Nabana."

"Unabana makalio na tumbo, pumzi umeikata, na huku chini unasukuma. Kama unazaa."

Nilinyamaza. Mara mia kwa siku, mwaka mzima, nilikuwa nazaa. Nilitaka kulia, kisha nikacheka, na likatoka tone palepale mezani. Yeye akasema vizuri, sasa tumeona wote.

Akanifundisha upya. Usifikirie tumbo, usifikirie mapaja. Fikiria unazuia ushuzi mbele ya wakwe, halafu kutoka hapo nyuma lete mbele mpaka unapozuilia mkojo, halafu vuta juu ndani, taratibu, kama unavuta ndoo kutoka kisimani. Ndoo isigonge ukuta. Na ukiishusha usiiachie ikaanguka, ishushe kwa kamba. Pumzi iendelee. Hiyo ya kamba ndiyo iliyonifungua akili, kwa sababu nimekua navuta maji kisimani, mikono inaijua kazi hiyo. Jaribio la nne au la tano akasema, "Hapo! Hapo hapo mama." Kwa kweli ni kitu kidogo mno. Nilidhani msuli utanguruma. Ni kama kope kufumba.

Kama una hela ya kwenda mara moja tu, nenda kwa ajili ya hiyo dakika. Maelezo ya mazoezi yamejaa kila mahali bure, na binti mwenyewe aliniambia wengi wakielezwa kwa mdomo tu hukosea kama mimi. Kitu unachokinunua pale ni mtu wa kukwambia unasukuma. Mwanangu wa pili anasomea uuguzi, ndiye aliyenisimulia kwamba haya mazoezi yanaitwa Kegel kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948, na kwamba daktari huyo alitengeneza hadi kifaa cha kupima mbano ili mwanamke aone kama anabana kweli. Sisi tumerithi jina na kubana, kipimo tukakiacha Marekani.

Dozi yangu ilikuwa hivi. Kubana polepole mara nane, nikishikilia sekunde tatu, maana zaidi ya hapo ndoo ilikuwa inaniponyoka. Kupumzika kila baada ya mbano kwa muda uleule. Kisha kubana haraka haraka mara nane. Hiyo ni awamu moja, na awamu ni tatu kwa siku. Wiki mbili za kwanza nikiwa nimelala magoti juu, kisha nimekaa, kisha nimesimama. Niliziambatanisha na swala: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri nikiwa dukani, baada ya isha. Wanaosema wanasahau kufanya mazoezi, wajaribu hivyo. Kufikia wiki ya kumi na mbili nilikuwa nashikilia sekunde kumi.

Kuna na kale kamchezo ambako ndiko kalikonipa faida ya haraka kuliko vyote: bana kwanza, ndipo ukohoe. Ukisikia chafya inakuja, bana. Kabla hujanyanyua robota, bana. Wiki ya tatu nilipiga chafya tatu mfululizo mbele ya mteja, nguo ikabaki kavu, nikampunguzia elfu mbili bila yeye kujua sababu.

Upande wa pili ulikuwa daftari la mkojo. Siku tatu unaandika kila unachokunywa, kila unapokwenda haja ndogo na kiasi gani, unapima kwa jagi la plastiki lenye mistari. Nilinunua langu 3,000, nikaliandika kwa wino mwekundu LISITUMIKE, kwa sababu nyumbani kwangu watu hutengenezea juisi chochote. Matokeo yalinifedhehesha. Mara kumi na tatu kwa siku, na nyingi zilikuwa mililita 120 au 150. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba mia nne na zaidi. Kumbe nilikuwa nakwenda chooni kwa woga, "niende kabisa kabla sijatoka", na kibofu kikazoea kuitwa kabla ya saa. Halafu nilikuwa nimejinyima maji, mkojo ukawa mkali, nao mkojo mkali unakichokoza kibofu. Na katikati ya yote hayo nakunywa chai ya rangi vikombe vitano na kahawa ya muuza kashata.

Nikaambiwa maji nirudishe, chai ibaki vikombe viwili, na choo nichelewe kwa dakika kumi na tano zaidi kila wiki. Mkojo ukibana kabla ya wakati, kaa chini au simama tuli, bana haraka mara tano, hesabu kitu. Mimi nilihesabu bei za jumla. Wimbi linapita. Sikuamini kwamba linapita mpaka nilipoliona linapita. Leo nakwenda kila baada ya saa tatu hivi, yaani mara mbili kwa siku nikiwa Kariakoo. Shilingi mia sita.

Gharama: siku ya kwanza 60,000, zinazofuata saba kwa 35,000 kila moja, na mashine mara moja 25,000. Hapo ndipo nina ugomvi. Mashine ni kiskrini chenye mstari unaopanda ukibana sawasawa na kutulia ukikosea. Inafurahisha, mara moja. Ila dada wa mapokezi anakuandikia mashine kila ukija, kama vile ni lazima, na ukikataa anakuangalia kama umekuja kuomba chakula. Walinipangia pia vizito vya kubeba ndani ya uke, seti 120,000. Nilimuuliza binti chumbani, akasema kwa sauti ya chini kwamba si lazima, mazoezi ya kawaida yakifanywa vizuri yanatosha. Basi ukiandikiwa mapokezi, rudi chumbani uulize. Bima yangu haikulipa hata senti, na stakabadhi niliipata baada ya kuidai mara mbili.

Malalamiko mengine: karatasi ya mazoezi wanayokupa imeandikwa Kiingereza chote, na picha ya mwanamke mweupe kavaa suruali ya kubana. Mwanangu alinitafsiria, lakini nilikaa ukumbini na mama wa Chanika aliyeigeuza ile karatasi juu chini. Miadi ya saa tatu inaanza saa nne na nusu. Simu hawapokei.

Matokeo nayasema bila kuongeza chumvi. Nilimaliza miezi mitatu, ambayo ndiyo muda wanaousisitiza. Mwanangu anasema hata mwongozo wa Uingereza unataka angalau miezi mitatu chini ya mtaalamu, na angalau mibano minane mara tatu kwa siku, kitu kilekile nilichopewa mimi. Wiki nne za kwanza sikuona kitu kikubwa zaidi ya kale kamchezo ka chafya, na nilitaka kuacha. Wiki ya sita pedi zikawa mbili. Sasa navaa moja, ya woga tu, jioni naitoa kavu. Siku ya mwisho walinifanyia jaribio: kibofu kimejaa, nimesimama juu ya karatasi nyeupe, kohoa mara tatu, ruka mara kumi. Matone mawili, wakati wa kuruka. Kukohoa, sifuri.

Kwa hiyo sijapona kikamilifu. Nikiwa na mafua makali bado linatoka. Juzi kwenye kitchen party ya mpwa wangu nilicheza mpaka nikasahau kubana, nikalipata. Nina kilo 91 na nimeambiwa nikipunguza hata tano au sita nitaona tofauti. Hilo tunaendelea kuzungumza mimi na chapati. Mwanangu alinisomea uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti nyingi: wanawake wanaovuja kwa kukohoa na kunyanyua, kati ya 100 waliofanya mazoezi kama 56 walisema wamepona, na kwa wasiofanya ni kama 6. Mimi najiweka mlangoni mwa hao 56, mguu mmoja ndani.

Tarawehe za mwaka huu nilizisali msikitini, rakaa ishirini, safu ya pili. Usiku wa kwanza nilitawadha mara mbili kwa wasiwasi. Kuanzia wa nne nilitawadha mara moja nikatoka nayo mpaka witri. Wifi yangu akaniuliza mgongo umepona lini.

Nyota: binti nampa tano, mazoezi nne na nusu, mapokezi moja, na hiyo moja ni kwa sababu feni inafanya kazi. Ukienda, nenda siku ya katikati ya wiki, beba kanga, beba jagi lako usinunue lao, na ukifika mezani usisubiri kuitwa. Andika jina lako kwenye kikaratasi umpe mkononi yule dada, kwa maandishi makubwa.